Tiketi Zilizofungwa kwa Jina Langu

Nyeri,
19 Machi 1998

Kaka yangu mpendwa Mburugu,

Nakusalimu wewe, Mama, shemeji na watoto wote wa hapo nyumbani. Natumaini mguu wa Mama umetulia kidogo sasa kwa kuwa mvua imepungua huko Nkubu. Yule ndama alipona? Na ukuta wa jikoni uliobebwa na maji, mmeusimamisha tena? Mimi mwilini sijambo. Nakula, nafanya kazi, na usiku najilazimisha kulala. Baridi ya huku imezidi, na mlima haujatoa kichwa nje ya mawingu tangu Krismasi, hata watu wameacha kuutafuta.

Najua umekasirika. Uliniandikia, sikujibu. Ulipopiga simu ofisini uliambiwa nimetoka. Sikuwa nimetoka, kaka. Nilikuwa nimeketi karibu na simu hiyo hiyo, nikimpungia mkono aliyeishika aseme sipo. Niliogopa kwamba ukiniuliza habari za wageni wa baada ya Pasaka nitalia mbele ya watu, na wakati huo kila niliyemwona mbele yangu nilimwogopa.

Tafadhali isome barua hii ukiwa peke yako kwanza, kisha uamue utakachomwambia Mama. Na usirukie mwisho. Nataka uyaone mambo kwa utaratibu nilioyaona mimi, maana nikianzia mwisho utasema dada yako alikuwa kipofu.

Unaijua kazi yangu kijuujuu tu. Mzee Hezekiah anasimamia nyumba za kupangisha kwa niaba ya wenyewe, nami ni karani wake. Tuko orofani, juu ya duka la mabati na misumari, karibu na soko. Ofisi nzima ni watu wanne: Mzee Hezekiah katika chumba cha nyuma, mimi kwenye kaunta, Wamae fundi wa mabomba, na Mwai, msimamizi wa majengo. Mwai sina haja ya kukueleza. Ulikaa naye Desemba mkachinja kuku, na Mama akamwita mwanangu kabla hata wazee wao hawajaja kupiga hodi.

Zamani mpangaji akija na shida yake niliiandika kwenye karatasi, karatasi inapotea, naye anarudi akipiga kelele. Mwaka jana Mzee Hezekiah alinunua kompyuta, ndani yake kukawa na programu ya kusimamia nyumba, akaleta mwalimu kutoka Nairobi anifundishe. Programu hiyo kila lalamiko huliita tiketi. Mpangaji akija, naandika jina lake, mlango wake na shida yake, nachagua kama ni shida ya maji, ya stima au ya seremala, na kompyuta inampelekea anayehusika. Ya maji inakwenda kwa Wamae. Ya stima inakwenda kwa Mwai, naye hutafuta fundi mwenye leseni. Shida ikiisha, tiketi inafungwa, na kando yake linabaki jina la aliyeifunga. Mwisho wa mwezi Mzee humpa kila mwenye nyumba ripoti ya tiketi zilizo wazi na zilizofungwa. Wapangaji walilicheka sana neno hilo. Mzee mmoja wa mtaa wa Majengo aliniuliza kama tiketi yake ni ya kwenda Nanyuki au Karatina.

Kuingia ndani ya programu lazima uandike jina lako na neno la siri. Walioruhusiwa kufunga tiketi tulikuwa wawili tu, Mzee Hezekiah na mimi. Nililionea fahari jambo hilo, sikufichi. Binti wa Nkubu kupewa ufunguo wa namna hiyo katika ofisi ya watu wa Nyeri!

Basi kuna nyumba za Bwana Gicheru huko Kamakwa, jengo jipya la orofa. Chini anaishi mama mmoja mshonaji, anaitwa Phyllis, mjane, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alikuja kabla ya Krismasi, akaegemea kaunta, akaniambia, "Gaceri, mfereji yangu inauma."

Nilicheka. Nilimwuliza inaumaje, kwani ina meno? Naye akacheka kidogo, lakini akasema anapoushika mfereji mikono ikiwa na maji anahisi kitu kinamtembea mpaka kwenye kiwiko, kama siafu. Niliandika mfereji mbovu, nikachagua maji.

Wamae alikwenda, akarudi akikuna kichwa. Alisema bomba ni zima, halivuji, na kwamba hata yeye limemuuma. "Hii si maji," akasema. "Hii ni stima imeingia kwa bomba. Mimi siguzi." Kwa hiyo nikaibadilisha tiketi kutoka maji kuwa stima, ikamwendea Mwai. Mwai aliniambia nisihofu, atalishughulikia. Baada ya siku chache nikaona tiketi imefungwa. Sikutazama jina kando yake; nikafikiri Mzee ameifunga, nikafurahi, nikaisahau.

Kisha mvua ya Januari ikaja. Uliiona mwenyewe, ile mvua ambayo haikujua msimu. Ardhi ya Kamakwa ikalowa kama sifongo, na mifereji ikazidi kuuma. Wapangaji wengine wa jengo lile wakaanza kupiga simu. Mmoja alisema mke wake ametupwa chini pamoja na beseni la nguo. Mwingine alisema watoto wake sasa wanavaa ndala kabla ya kufungua maji. Niliandika kila mmoja, nikachagua stima, nikamkumbusha Mwai kila asubuhi. Alisema fundi amekwama Mukurweini kwa sababu ya barabara. Nilimwamini, maana ni kweli barabara zilikuwa zimeharibika.

Asubuhi moja Phyllis aliingia akiwa amelowa mpaka viatuni, na safari hii hakuegemea kaunta. Alisimama katikati ya chumba akaniuliza mbele ya watu, "Ati nimetengenezewa? Nani alikuja? Ulimwona wapi?" Bwana Gicheru alikuwa amepita kwenye nyumba zake, wapangaji wakamlalamikia, naye akawaonyesha ripoti ya ofisi yetu kwamba kila tiketi ya mifereji imefungwa, kazi imekwisha. Phyllis akaniambia amelisoma kwa macho yake jina la aliyezifunga. Lilikuwa langu.

Nilifungua kompyuta mbele yake nikitaka kumwonyesha kwamba amekosea. Hakukosea. Tiketi yake, na za majirani zake zote za mifereji, zilikuwa zimefungwa, na kando ya kila moja imeandikwa Gaceri. Tiketi za choo zilikuwa wazi. Za milango zilikuwa wazi. Zilizofungwa zilikuwa zile za mifereji inayouma tu.

Kaka, sijui nikuelezeje. Ni kama kuona picha yako mwenyewe umesimama mahali ambapo hukuwahi kufika. Nilizifungua upya zote siku ile, na wiki iliyofuata zikafungwa tena, kwa jina lile lile.

Habari hiyo ilitembea. Kanisani akina mama waliokuwa wakiketi nami wakapata nafasi kwingine. Sokoni muuza viazi aliniuliza, akipima huku hanitazami, kama ni kweli karani wa Hezekiah hula sahani moja na landilodi. Nikaanza kuwatazama wenzangu wa ofisini mmoja mmoja. Kuna mtu alilijua neno langu la siri, na mtu huyo alikuwa ananywa chai nami kila siku saa nne.

Wa kwanza kumshuku alikuwa Wamae. Ni yeye aliyekuwa na tabia ya kupita nyuma ya kaunta kuchukua kazi zake, akasimama begani mwangu nikiandika. Tena ni yeye aliyezikataa zile tiketi tangu mwanzo. Nilimweleza Mwai wasiwasi wangu, naye akasema hapendi kumsema mtu vibaya, ila Wamae ana siku anazonuka pombe, na kwamba mtu anayekimbia kazi anaweza kufanya lolote. Jinsi alivyosema hapendi kumsema mtu vibaya ilinifanya nimpende zaidi.

Nilikwenda kwa Mzee Hezekiah nikamtaja Wamae. Mzee alimwita, akamhoji, na mwishowe akamwambia akae nyumbani kwanza. Wamae alichukua mfuko wake wa vyombo, akasimama mbele ya kaunta yangu. Sikuweza kumtazama. Aliniambia bila hasira, "Gaceri, hiyo kompyuta mimi sijui hata inawashwa wapi." Akashuka ngazi akaenda zake kwao Wamagana.

Wiki hiyo hiyo tiketi zilifungwa tena.

Ndipo nikamgeukia Mzee Hezekiah mwenyewe. Ni nani mwingine aliyebaki? Bwana Gicheru alikuwa akija mara kwa mara, wanajifungia chumba cha nyuma, wanaongea chini chini, na nikigonga kupeleka chai wananyamaza mpaka nitoke. Nilijiambia kwamba wanapanga kuliuza lile jengo na hawataki mnunuzi asikie habari za mifereji. Mtu aliyenipa kazi nikiwa sina hata viatu vya kuvaa ofisini, nikaanza kusikiliza mlangoni pake kama mwizi. Nilihesabu ni nani anaingia kwake. Nilipoandika neno la siri niliifunika mikono yangu kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Akiniuliza habari ya nyumbani najibu kwa neno moja. Nilikuja kujua baadaye walichokuwa wakiongea: Bwana Gicheru alitaka nifutwe kazi, na Mzee alikuwa akimsihi aniache.

Katika siku hizo aliyenishika mkono alikuwa Mwai peke yake. Alinisindikiza mpaka mlangoni kila jioni. Aliniletea parachichi kutoka kwa mama yake. Aliniambia baada ya Pasaka wazee wao watakuja Nkubu, na tukishaoana sitahitaji tena kukaa kwenye kaunta ya kutukanwa.

Kisha ikafika ile Jumatano. Phyllis alikuwa akijaza ndoo, amesimama pekupeku kwenye saruji yenye maji. Mfereji ulimshika, ukakataa kumwachia. Jirani yake alimsukuma kwa ufagio wa mti ndipo akaanguka. Nilikwenda kumwona hospitalini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, na daktari alikuwa amemwambia kwamba vidole viwili havitakunjika tena. Mshonaji, kaka. Alinitazama muda mrefu, na yule mwanamke mwenye sauti ya kufika barabarani akaniuliza kwa sauti ndogo, "Niambie tu, walikupa nini?"

Nilimwapia kwamba sikupewa kitu na sikufunga chochote. Akageuzia uso ukutani.

Ijumaa Mzee Hezekiah alituita mimi na Mwai, akatuambia kwamba mkaguzi wa stima kutoka serikalini atakuja Jumatatu, pamoja na polisi wa kuandika taarifa, na kwamba atawapa tiketi zote za jengo la Kamakwa kama zilivyo ndani ya kompyuta. Aliniambia waziwazi kwamba kama kompyuta itasema ni Gaceri, yeye hatakuwa na la kuongeza. Hakusema kwa ukali. Alionekana mzee sana siku hiyo.

Nilirudi kaunta nikazifungua upya zile tiketi zote, nikabadilisha neno langu la siri, ambalo mpaka siku hiyo sikujua kwamba linaweza kubadilishwa, nikaketi. Mwai alikuja akakaa ukingoni mwa meza. Alinipa pole. Nikamwambia nimebadilisha neno la siri, naye akaniambia kwamba kwa usalama wangu nimpe hilo jipya, ili Jumamosi na Jumapili, mimi nikiwa chumbani nimepumzika, yeye awe anapita kuangalia kama kuna mtu amezigusa. Ufunguo wa ofisi alikuwa nao. Alisema, "Mtu na bibi yake hawafichani."

Mburugu, hapo ndipo kitu kilinigusa, kidogo tu, kama mfereji ule wa Phyllis ulivyoanza. Nilikumbuka kwamba hata lile neno la kwanza nilimwambia yeye. Aliniuliza kwa mzaha siku moja tukitembea kando ya mto Chania, nami nikamwambia kwa mzaha. Nilikuwa nimemshuku fundi asiyejua kuwasha kompyuta, na mzee aliyenilea kama binti yake, na katika kushuku kwangu kote sikuwahi kumweka Mwai hata mara moja. Kwangu yeye hakuwa mtu wa nje wa kujua siri. Kumwambia yeye ilikuwa kama kujiambia mwenyewe.

Ningeweza kumkatalia. Nilimpa. Nilimtazama machoni nikamwambia neno jipya ni "mwendwa", mpendwa kwa lugha ya kwetu. Alitabasamu, akaniuliza kama ni yeye, nikasema ndiyo. Hakuna mtu mwingine duniani niliyemwambia neno hilo. Jumamosi na Jumapili nilikaa chumbani nikiomba, na sikuomba haki itendeke wala ukweli ujulikane. Niliomba niwe nimekosea.

Jumatatu nilifika kabla ya wote, nikawasha kompyuta. Zilikuwa zimefungwa. Kila moja. Kando ya kila moja, Gaceri.

Nilishuka nikamngojea Mwai chini ya ngazi, mbele ya lile duka la mabati ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa. Alipokuja nilimwambia tu kwamba neno lile nilimpa yeye peke yake. Alifungua kinywa kukana, akaniona uso wangu, akaacha.

Aliniambia yote pale pale. Jengo la Gicheru lilipojengwa, yeye ndiye aliyesimamia kazi kwa niaba ya ofisi. Kuna waya mnene wa shaba ambao huzikwa ardhini, ili stima ikipotea njia, tuseme kwenye hita mbovu ya kuogea, iende chini ya ardhi badala ya kuingia kwenye mabomba na watu. Waya huo haukuzikwa kamwe. Mwai aliutoa, akauza shaba, akatia sahihi kwamba umezikwa, saruji ikamwagwa juu. Alijiambia kwamba nyumba ngapi za zamani hazina waya huo na watu wanaishi. Tiketi za mifereji zilipoanza alijua mara moja ni kitu gani. Kama zingebaki wazi, Mzee angeleta mtu wa kuchunguza, na huyo angechimba. Alitaka kupata nafasi, kiangazi kikija, auzike waya mwenyewe kimya kimya. Hata hizi za mwisho alizifunga akitumaini mkaguzi akiona kazi yote imekwisha ataridhika, asichimbe.

Nikamwuliza kwa nini kwa jina langu. Alisema hakukuwa na njia nyingine, lilikuwa langu au la Mzee, na neno la siri la Mzee halijui. Kisha akasema hakufikiri ningefukuzwa, kwa sababu Mzee ananipenda, na kwamba hata ningefukuzwa, angenioa na mambo yangeisha. Alisema Phyllis anamwumiza moyo, hajala tangu Jumatano. Naamini hakuwa amekula. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Akanishika mikono yote miwili akanisihi niseme kwamba nilizifunga kwa makosa, kwamba programu ni ngeni na nilichanganyikiwa. Karani akikosea kwenye kompyuta husamehewa, alisema, lakini yeye atafungwa. Akanikumbusha wazee wao wamekwisha kutenga siku, mama yake amekwisha kununua leso za kumletea Mama.

Nilikuwa na swali moja ambalo lilikuwa limenikaa kifuani tangu Ijumaa. Unajua Mwai alikuwa ameketi ofisi moja nami muda mrefu bila kunitazama mara mbili, na alianza kunisindikiza jioni baada tu ya kompyuta kuletwa na mimi kupewa neno la siri. Nilimwuliza kama alinifuata mimi au alilifuata neno.

Hakujibu upesi. Angejibu upesi, hata kwa uongo, labda leo ningekuwa nakuandikia mengine. Alitazama chini, akasema, "Mwanzoni."

Neno hilo moja tu. Nilivuta mikono yangu nikapanda ngazi.

Mkaguzi alikuja, na polisi, na Bwana Gicheru akiwa na koti lake la mvua. Mzee Hezekiah alichapisha zile tiketi akaziweka mezani, akanitazama. Mwai alikuwa amesimama dirishani. Nilisema yote. Nilisema nilivyoambiwa chini ya ngazi, na kwamba wasiponiamini wachimbe Kamakwa pale waya unapopaswa kuwa. Bwana Gicheru alisema mimi namsingizia mtu ili nijiokoe. Mwai angeweza kukubaliana naye, na nilingoja akubaliane. Akakaa kimya, na Mzee Hezekiah akamwambia, kwa Kikuyu, jibu mwanangu. Ndipo Mwai akasema kwamba wasichimbe, ni kweli hakuna waya hapo.

Siku hiyo hiyo stima ilikatwa jengo zima, na hita mbovu ikapatikana nyumba ya juu kabisa. Wapangaji walikaa na mishumaa mpaka kazi ilipofanywa upya, na hakuna aliyelalamika. Mwai aliandikisha taarifa, akawekewa dhamana na mjomba wake wa Kagio, na sasa yuko huko akingoja kesi. Nitaitwa kutoa ushahidi. Nitakwenda.

Mimi na Mzee Hezekiah tulikwenda Wamagana kumrudisha Wamae. Tulimkuta akipalilia kahawa. Nilimwomba msamaha mbele ya mke wake. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alisema ataanza Jumatatu, akauliza kama kuna tiketi za maji zilizorundikana. Ziko nyingi, na ameanza nazo. Nyuma ya kaunta hapiti tena, hunyoosha mkono kutoka upande ule wa wateja. Nimeacha kumwambia apite.

Phyllis ametoka hospitalini. Bwana Gicheru amekubali kumlipia matibabu na kumwachia nyumba bila kodi kwa muda, baada ya Mzee kumwambia mambo ambayo sikuyasikia, na safari hii sikusikiliza mlangoni. Naenda kwake Jumapili mchana, namshikia kitambaa yeye akizungusha cherehani kwa mkono wa kushoto. Bado tunashona mishono iliyopinda. Juzi alinifokea kwa sauti yake ya zamani kwa kuachia kitambaa mapema, na nilifurahi sana kufokewa.

Sasa kuhusu wageni. Kwa upande wangu hakuna posa tena. Nimemwandikia Mwai hivyo, na wewe nakuomba uwaandikie wazee wao kwa heshima kabla ya Pasaka, wasipate taabu ya safari. Kama watakuja hata hivyo, maana nimesikia mama yake bado ana matumaini, wapokeeni, wapeni chai na chakula, msimtukane mtoto wao mbele yao. Yule mama hakuuza shaba. Leso mkizikataa mzikatae kwa upole.

Mama atakuuliza kwa nini. Mwambie habari ya waya, mwambie habari ya mkono wa Phyllis, mwambie alitumia jina langu. Hayo atayaelewa, atakasirika siku mbili, atapona. Lakini lile alilonijibu chini ya ngazi usimwambie. Atataka kunifariji. Atasema kama kulikuwa na mwanzoni basi kulikuwa na baadaye, na kwamba huenda huko baadaye alinipenda kweli. Nimekwisha kujiambia hivyo mwenyewe, usiku mwingi, na kila nikijiambia nakaribia kuamini. Sitaki kulisikia likitoka kwa Mama.

Nisalimie shemeji na watoto, waambie shangazi yao atakuja shule zikifungwa na atawaletea mkate wa mjini. Mpe Mama pole ya mguu. Nawe nijibu upesi, na ukipiga simu ofisini, nitaipokea mwenyewe.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Gaceri